Nyuma ya Cheti

"Hiki sikipigi muhuri," alisema mama wa dirisha namba nne pale wizarani, akakisukuma cheti kurudi chini ya kioo kwa kidole kimoja.

Mkunga alidhani hakusikia vizuri. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye foleni ile, folda ameibana kifuani kama mtu aliyebeba kichanga, na vichanga alikuwa amevibeba vya kutosha kujua namna ya kubana bila kuumiza.

"Samahani, mama. Barua ya chuo hiyo hapo. Barua ya baraza la mitihani hiyo hapo chini yake. Sahihi zote zipo."

"Barua hazina shida. Shida ni hii." Mama yule aligonga cheti kwa ukucha, kikalia ko-ko kama meza. "Umekipiga lamineti. Sisi tunapiga muhuri nyuma ya cheti chenyewe, kwenye karatasi. Wino haushiki kwenye plastiki, na huu muhuri wa kubonyeza hauingii. Nani alikwambia ukivalishe hivi?"

"Tulitaka kisiharibike."

"Ndivyo mnavyosema nyote. Wakija hapa thelathini, kumi wameleta vyeti vimevaa koti la mvua."

Nyuma kwenye foleni mtu alicheka. Mkunga hakucheka. Damu ilikuwa imemkimbia usoni, na vidole vilivyozoea kushika vitu vinavyoteleza vilikivuta cheti kutoka chini ya kioo.

"Nikaombe kingine chuoni?"

"Cheti kinatolewa mara moja. Cha pili mpaka uthibitishe cha kwanza kimepotea, na hiyo ni miezi sita kama wana haraka." Mama alimtazama, akalegeza sauti kidogo. "Unakihitaji lini, mwanangu?"

"Leo."

Ilikuwa leo kweli, si maneno ya foleni. Hospitali ya ng'ambo ilimpa nafasi ya miaka miwili kwenye wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, kazi na masomo kwa pamoja, na barua yao ilisema wazi kwamba cheti kilichothibitishwa na wizara na ubalozi kiwafikie kabla ya kesho Ijumaa jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Ubalozi nao ulipokea watu mpaka saa tisa alasiri ya Alhamisi. Ijumaa hawakufungua mlango kwa mtu.

"Ukiweza kukivua hilo koti, na kikatoka kizima, niletee," mama alisema. "Kikichanika, usinipe kazi ya kukuhurumia. Saa sita kamili nashusha pazia. Anayefuata!"

Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

Shangazi alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amekaa wima kama yuko mbele ya darasa. Alistaafu ualimu mkuu, lakini ualimu mkuu wenyewe haukuwa na habari kwamba umestaafu. Yeye ndiye aliyemlea Mkunga tangu ana miaka sita, akamsomesha mpaka mwisho. Cheti kile kilipotoka, aliamuru kipigwe lamineti, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Hakuna mgeni aliyenywa chai katika nyumba ile kabla ya kusimama na kukisoma. Asubuhi hii ndiyo mara ya kwanza kilishuka ukutani.

"Nimekiua mwenyewe," Shangazi alisema aliposikia. Kwa mara ya kwanza mabega yake yalishuka. "Mimi ndiye niliyekutuma."

"Hatujashindwa, Shangazi. Kuna mtu anaweza kukifungua. Aliyekifunga."

Mabega yalipanda palepale. "Hapana."

"Shangazi!"

"Nimesema hapana. Siwezi kumkabidhi maisha yako mtu anayeitwa Kopi."

Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu ya duka lake la steshenari mtaa wa pili kutoka wizarani, na lilimganda mpaka barua za mamlaka ya maji zikawa zinaandikwa hivyo. Mkunga alimjua kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo kitambulisho chake kilitolewa kopi nyingi kuliko cha mtu yeyote mjini, na hakuna ofisi iliyokuwa imezidai. Kopi aliipokea kila karatasi yake kwa mikono miwili, akainyoosha mara tatu kwenye kioo cha mashine kabla ya kubonyeza, na wakati taa ya kijani inapita chini ya kifuniko, alimtazama. Hakuna zaidi. Mkunga alirudi kazini akiwa na kopi yenye joto mkononi, na joto hilo lilimtosha wiki nzima.

Kisha barua ya kazi ilikuja, akakimbia dukani kabla hata ya kwenda nyumbani. Alitaka kuona uso wake. Kopi aliisoma barua mpaka mwisho, akasema, "Hongera sana. Lete fomu nikusaidie kujaza." Basi. Akachukua karatasi, akaandika ofisi zote kwa mpangilio, chuo, baraza, wizara, ubalozi, na kila ilipokamilika moja aliweka alama ya vema iliyonyooka. Usiku ule Mkunga aliung'ata mto kwa hasira. Mtu anayekupenda hakupangii safari vizuri namna ile, alijiambia.

Shangazi alikuwa na mawazo mengine. "Nimefundisha miaka thelathini na miwili," alisema sasa, huku anavutwa mkono kuelekea mlangoni. "Namjua mtoto anayetazama ubao na anayetazama dirisha. Yule kijana anakutazama wewe. Hataki uende. Ukitaka cheti kichanike, mpe yeye akifungue, kisha aje akufute machozi."

"Hanitazami hivyo, Shangazi. Angenitazama angesema."

"Ndio wabaya hao, wasiosema."

Lakini miguu yao ilikuwa tayari iko barabarani.

Duka la Kopi lilikuwa na mlango mmoja, kaunta ya kioo yenye kalamu na bahasha, mashine ya fotokopi iliyokohoa kila ikianza, na meza nyuma yenye kisu kirefu cha kukatia karatasi. Kopi mwenyewe alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Alipomwona Mkunga uso ulimfunguka, alipomwona aliyemfuata ukajifunga vizuri na kunyooka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tazama kazi yako." Shangazi alikiweka cheti kwenye kioo.

Mkunga alimweleza kwa pumzi moja. Kadiri alivyoeleza ndivyo rangi ilivyomtoka Kopi.

"Maelekezo ya wizara nimeyasoma mara tano," alisema. "Yanasema nyaraka. Nilidhani muhuri unapigwa kwenye zile barua. Ningejua ni kwenye cheti..." Alikigusa ukingoni. "Hiki nilikifunga nikiwa na miezi miwili tu kwenye kazi. Nilidhani nakilinda."

"Unaweza kukifungua?" Mkunga aliuliza.

Kopi alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Hapo upande wa nyuma alisita. Kitu kilimpitia machoni, akakilaza haraka uso juu.

"Naweza. Gundi ya plastiki hii inalegea kwa moto mdogo. Lakini..."

"Lakini nini?" Shangazi aliuliza.

"Naomba mnipishe. Dakika ishirini tu. Mkae hapo nje kwenye kivuli, nitawaita."

Shangazi alimgeukia Mkunga taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyetabiri mvua na sasa anasikia tone la kwanza kwenye bati.

"Umesikia? Tumwache peke yake na cheti. Halafu atatuita tuje tuone vipande, aseme bahati mbaya."

"Mwalimu, wallahi sivyo."

"Basi kifungue mbele yetu!"

Masikio yalikuwa yamemwiva Kopi. Mkunga aliona namna anavyokikwepa cheti kwa macho, na kwa mara ya kwanza shaka ilimwingia. Mikono ile aliijua. Haikuwahi kusita juu ya karatasi hata siku moja, na leo ilisita.

"Njoo huku," alimwambia, akazunguka kaunta bila kualikwa. Alisimama karibu naye kiasi cha kunusa wino kwenye shati lake. "Nitakuuliza mara moja, na usinijibu kama unajaza fomu. Unataka niende, au hutaki?"

"Mkunga, muda..."

"Unataka au hutaki?"

"Sitaki!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga, na mteja aliyekuwa anaingia na karatasi zake alirudi kinyumenyume. "Sitaki uende. Tangu ile barua ije sijalala vizuri hata siku moja. Umefurahi? Kila ofisi niliyoiwekea vema ilikuwa kama naweka kwenye mwili wangu."

Miezi mizima Mkunga aliyangoja maneno haya, na sasa yamekuja saa mbaya kabisa, na bado alitamani ayaseme tena.

"Ahaa!" Shangazi alipiga kaunta. "Amekiri mwenyewe! Mwanangu, chukua cheti tuondoke."

"Na kwa sababu hiyo hiyo," Kopi aliendelea, akimtazama Mkunga tu, "hakuna mtu mji huu atakayekifungua vizuri kunishinda. Kikichanika mikononi mwa mwingine, ni bahati mbaya. Kikichanika mikononi mwangu, utabaki hapa, utanitazama kila siku, na kila siku utajiuliza kama nilifanya makusudi. Nitaishije na macho hayo? Bora uende."

Mashine ya fotokopi ilikohoa peke yake, ikanyamaza. Shangazi alinyoosha mkono kuchukua cheti, lakini Mkunga alikuwa amekifikia kwanza. Alikishika kwa mikono miwili, namna Kopi alivyokuwa akizipokea karatasi zake miaka yote ile, akakiweka mbele yake.

"Kifungue," alisema.

"Nipisheni basi."

"Mimi nakupisha," Mkunga alisema, na kweli alianza kuondoka.

"Mimi sitoki," alisema Shangazi. Alivuta kiti, akakaa mbele ya pua ya Kopi, mkoba juu ya magoti. "Mitihani yote niliyosimamia, hakuna mtoto aliyeniambia nimpishe."

Mkunga naye akarudi, akasimama kando ya meza. Kopi alitazama saa, saa nne na dakika arobaini, akapiga moyo konde. Alikimbia saluni ya jirani, akarudi na draya ya kukaushia nywele na wasusi wawili waliomfuata kuangalia itafanya nini. Alikata kingo nne za plastiki kwa kisu, akakilaza cheti uso juu, akawasha draya kwa mbali, akaipitisha huku na huku mpaka kona ya kushoto ikaanza kujikunja.

"Usiivute juu," Mkunga alisema bila kujua kwamba amesema.

"Siivuti juu. Naivuta ikiwa imelala, kurudi nyuma kabisa. Hivi."

Plastiki ilianza kuachia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria chumba cha pili. Jina la chuo lilitokea likiwa kavu, halina kung'aa, limekuwa karatasi tena. Kisha jina la Mkunga. Kisha maneno ya shahada. Jasho lilimtiririka Kopi kwenye shavu, na Mkunga, bila kufikiri, alichukua leso akamfuta, kama anavyofutwa daktari katikati ya upasuaji.

"Sahihi ya mkuu wa chuo," Shangazi alinong'ona. "Mungu wangu, ni ya wino."

Sahihi ya bluu ilikuwa chini kulia, imepita juu ya muhuri mwekundu. Kopi alizima draya, akasubiri, akaiwasha tena, akavuta unene wa unywele kwa wakati. Herufi ya kwanza ilibaki. Ya pili ilibaki. Mkia wa sahihi ulinyanyuka kidogo pamoja na plastiki, Mkunga akafumba macho, na alipofumbua ulikuwa umerudi kwenye karatasi. Plastiki ya mbele ilitoka yote, ikachukua nayo kipande cha pambo la kijani kwenye kona, kikubwa kama punje ya mchele.

"Kimechanika!" Shangazi alipiga kelele.

"Pambo tu, Mwalimu! Maandishi yote yapo. Tazama."

Shangazi alitazama kwa miwani, akatazama bila miwani. Yote yalikuwepo. Wasusi walipiga vigelegele vifupi. Saa ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

"Nyuma sasa," alisema Mkunga, anaruka kwa miguu yote miwili. "Haraka!"

"Nyuma haina gundi. Siku ile nilitanguliza karatasi nyeupe kati ya cheti na plastiki, gundi isiguse. Inatoka mara moja." Alisema hivyo lakini alikifunika cheti kwa mkono. "Nitaitoa mwenyewe. Naomba tu..."

"Huyu mtoto anaficha kitu," alisema Shangazi, na kwa wepesi ambao magoti yake hayakuwa nao ngazini, alikamata ile plastiki ya nyuma, akaivuta. Ilikuja nzima nzima, na karatasi nyeupe imegandia ndani yake. Cheti kilibaki mezani, nyuma yake safi kama siku kilipochapwa.

Upande wa ndani wa karatasi ile nyeupe ulikuwa na maandishi ya penseli.

"Mwalimu, tafadhali," alisema Kopi.

Lakini huwezi kumpa mwalimu karatasi iliyoandikwa ukategemea asiisome. Shangazi alirudisha miwani, akanyoosha mkono mbali, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea insha nzuri mbele ya darasa.

"'Leo amekuja mkunga mpya wa hospitali kupiga cheti chake lamineti. Simjui mtu huyu zaidi ya jina lililoandikwa kwenye cheti. Amecheka mara moja, mashine ilipokohoa. Nimekipitisha cheti chake taratibu kuliko vyote nilivyowahi kupitisha. Anasema anataka kusoma mbali. Mungu ampeleke kokote anakotaka, na siku akirudi, anikute.'"

Chini kulikuwa na tarehe. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Draya ilikuwa bado inalia, imesahauliwa mezani, ikipeperusha bahasha. Mmoja wa wasusi alikuwa amejiziba mdomo. Kopi alitazama sakafu kana kwamba kuna shimo la kuingia. Mkunga alihisi machozi yanamjaa, na hakuyazuia, yaende tu. Miaka mitatu maneno haya yalikuwa juu ya televisheni, yamelala kati ya cheti na plastiki. Alikuwa akila chini yake, akisoma gazeti chini yake, na usiku ule wa mto alilia chumba cha pili kutoka yalipo.

"Zima hilo lidude," Shangazi alisema hatimaye. Draya ikazimwa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. "Kwa hiyo wewe umekaa sebuleni kwangu miaka mitatu."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Wageni wote wale niliowasimamisha mbele yako. Na hukuwahi kunisalimia hata mara moja." Alijaribu kuwa mkali, sauti ikamkatalia. "Ulimwombea aende. Kabla hata hujamjua ulimwombea aende. Na mimi nimekaa hapa kukuchunga usimchanie cheti."

"Shangazi," Mkunga alianza.

"Saa sita kasorobo imepita, mtoto huyu! Unalia nini? Kimbieni!"

"Sote?"

"Mimi na haya magoti? Nendeni nyinyi wawili. Duka nitaliangalia." Tayari alikuwa ameingia nyuma ya kaunta, akamwashiria yule mteja aliyekuwa bado anachungulia mlangoni. "Njoo, usiogope. Kopi ngapi?"

Walikimbia. Mkunga alikiweka cheti ndani ya folda, folda ndani ya shati la Kopi, na mkono wake ndani ya mkono wa Kopi, na hakuna aliyejua hilo la mwisho lilitokea lini. Walikatiza mbele ya magari, wakaziomba radhi honi, wakapanda ngazi za wizara mbili mbili. Mlinzi alisema wakaguliwe mifuko, na Mkunga akamimina mkoba wake wote mezani, glavu, penseli, biskuti, akasema, "Kagua, kaka yangu, ila kwa upendo." Mlinzi alicheka akawapisha.

Pazia la dirisha namba nne lilikuwa limeshuka nusu. Chini yake ulionekana mkono unachukua kikombe.

"Mama! Mama, kimevuliwa koti!"

Mkono ulisimama. Pazia lilipanda. Mama wa dirisha alikipokea cheti, akakigeuza, akakipapasa nyuma kwa kiganja, akakiinua kwenye taa.

"Wengine wananiletea vipande kwenye bahasha," alisema. "Nani amekivua hiki?"

"Mimi," Kopi alisema, akihema.

"Wewe ni nani wake?"

Kopi alimtazama Mkunga.

"Ni wangu," alisema Mkunga.

Mama aliwatazama wote wawili juu ya miwani. Aliweka kikombe chini, akachovya muhuri, akapiga. Kisha akaingiza cheti kwenye chuma cha kubonyeza, akaegemea kwa uzito wake wote, na Mkunga alisikia karatasi inakubali. Saa ilikuwa saa sita na dakika mbili, na hakuna aliyeitaja.

Kwenye teksi ya kwenda ubalozini walikaa kiti cha nyuma, folda katikati yao kama mtoto.

"Kwa nini hukuniambia nisiende?" Mkunga aliuliza.

"Kwa sababu ungebaki."

"Ndiyo, ningebaki!"

"Ndiyo hivyo." Kopi alitazama nje. "Unakumbuka mwaka jana, ulikuja dukani hukutaka kopi yoyote? Ulikaa kwenye kile kiti, ukasema tumempoteza njiti wa tatu wiki hii, na kwamba kuna mahali wanajua kuwaokoa wa uzito ule ule. Ulikaa mpaka nikafunga. Ningekuambia ubaki, halafu wa nne akija ningekuambia nini?"

Dereva aliongeza sauti ya redio kwa adabu. Mkunga aliisogeza folda kwenye magoti yake, akasogea yeye palipokuwa na folda, akaweka kichwa kwenye bega la Kopi. Alikuwa na furaha kiasi cha kumuuma.

Ubalozini walimaliza saa nane na nusu. Muhuri wa pili ulikaa kando ya wa kwanza, picha ya cheti ikatumwa palepale, na kabla hawajafika getini hospitali ya ng'ambo ilijibu kwa mstari mmoja kwamba wamepokea na wanamsubiri mwezi ujao. Mkunga aliruka juu na kupiga kelele mpaka askari wa getini akageuka. Kopi aliruka naye. Kisha walisimama wakitazamana, na neno lile "mwezi ujao" likakaa kati yao.

Waliporudi, Shangazi alikuwa amepanga upya kalamu zote kwa rangi, na kijana mmoja mwenye barua ya kuomba kazi alikuwa amesimamishwa pembeni anaiandika kwa mara ya tatu.

"Imekubali?" Shangazi aliuliza.

Mkunga aligeuza cheti, akamwonyesha mihuri miwili. Shangazi aliigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu bila kusema, halafu akamtazama Kopi juu ya bega la Mkunga.

"Jumapili uje nyumbani mchana. Mlete na baba yako, nimjue. Na ukutani pangu sasa hivi pamebaki msumari mtupu, sitaki kuuona."

"Nitakuja, Mwalimu."

"Shangazi," alimsahihisha.

Mkunga aliomba ile karatasi. Shangazi aliitoa kwenye mkoba, ilipokuwa imekunjwa ndani ya kitambaa safi, ameshaibandua kutoka kwenye plastiki kwa draya yeye mwenyewe, na kona moja tu ilikuwa imekwaruzika. Mkunga aliilaza juu ya kioo cha kaunta, akachukua penseli kutoka sikioni kwa Kopi. Alisoma tena mpaka mwisho, mpaka lile neno "anikute". Chini ya tarehe ya miaka mitatu iliyopita aliandika tarehe ya leo, na chini ya tarehe ya leo neno moja: *Nitakukuta.*

Alimgeuzia Kopi karatasi asome. Kopi alisoma, akaweka mkono mdomoni.

"Hii haiendi dirisha lolote," Mkunga alisema. "Washa mashine. Ipige lamineti, mbele na nyuma, na safari hii usiweke kitu katikati. Sitaki mtu aweze kuifungua."